Mume wa Daktari Amebadilishwa

Mvua ya Mwakaleli haijali nani anatazama nini.
Iligonga bati tangu saa tisa, na saa mbili usiku
tulikuwa thelathini na saba sebuleni kwa Ambakisye,
viatu vya mpira vimeachwa barazani, vinajaa maji,
ndani jiko la mkaa, viazi mviringo kwenye majivu,
na kila mtu amelipa mia tano kwa ajili yake:
daktari wa kike wa nchi ya vumbi,
tuliyemwacha miaka minane iliyopita
amesimama mlangoni, mkoba mweusi mkononi,
farasi wake wa kijivu akinywa maji,
na mtangazaji akatuambia: mwisho.

Mwisho gani ule? Mimi nilikuwa darasa la sita.
Kwa sababu yake nilisoma kemia,
na kemia ikanikataa.

Sasa wameileta filamu, mwendelezo, saa mbili nzima.
Akatokea. Ana mvi. Tukashangilia kama amefika kwa basi la Tukuyu.
Kisha mumewe akaingia, akavua kofia,
na nyumba nzima ikanyamaza.

"Huyu nani?" Gwamaka akauliza.
Mume tuliyemjua alikuwa na kovu juu ya nyusi.
Huyu ana kidevu cha karani wa benki.
Tusekile, aliyeshinda akichuma chai kwenye ukungu,
akasimama: "Nimelipa mia tano
nioneshwe mwanaume wa kukodi?"
Mwalimu Lugano akaanza habari za mikataba,
waigizaji wanazeeka, wanadai nyongeza;
tukamwambia akae, anaziba kioo.
Watoto nao wakasema farasi si yule,
yule alikuwa na alama sikioni.

Sista Enelika hakujali mume wala farasi.
Miaka thelathini na moja zahanati, amestaafu na mgongo wake.
"Hajanawa mikono," akasema.
Mtoto alipozaliwa: "Huyo ana miezi mitatu, tazama shingo."
Tukacheka hadi kiazi kikaungua.
Lakini daktari alipovuka mto usiku
kwenda kwenye nyumba yenye homa,
maji kifuani, mkoba kichwani,
Sista akajifunika mdomo kwa kitenge.
Ilipita kitambo ndipo akasema, kwa sauti ndogo:
"Mimi sikuwa na farasi."

Na yule mume wa kukodi alikuwa bado mlangoni,
Gwamaka anamzomea kila anapofungua kinywa.
Ndipo Atuganile, ambaye huja kutazama na hasemi,
akasema huku akimenya kiazi:

"Wangu alikwenda Chunya kwenye dhahabu na meno yote.
Akarudi mwaka wa sita.
Sauti nyingine, mabega mengine,
hata anavyokohoa sikumjua.
Jina la mtoto wetu wa mwisho aliniuliza mimi.
Nikampakulia.
Mwacheni aingie huyo, nje kunanyesha."

Hakukuwa na mvua kwenye filamu. Kule kulikuwa na jua kali.
Hakuna aliyemsahihisha.
Daktari akasogea kidogo, karani wa benki akaketi,
na mkono wake ulipogusa meza
Tusekile akasema, "Basi, ana mikono mizuri."

Umeme ukakatika.

Tulingoja robo saa gizani, tukinusa mkaa.
Ambakisye akaapa harudishi pesa, yeye si shirika la umeme.
Njiani kila mmoja akaimaliza kivyake:
anakufa, hafi, wanahamia mjini,
farasi halisi anapatikana.

Nilimsindikiza Atuganile, mwavuli mmoja.
Mzee alikuwa mlangoni na kandili.
"Imeishaje?" akauliza.
"Sijui. Umeme."
Akaweka kandili chini, akainama kumvua viatu vya mpira.
Cha kushoto kikatoka. Cha kulia kikagoma,
wakavutana pale, kimya, wazee wawili,
na huko barabarani, kwenye migomba,
Sista Enelika bado anabishana na mvua:
"Sabuni! Hata kipande!"